UZI: Kusoma jenomu ya mpox kwa MinION huku Kivu. Pengo si mkato

Labo_Himbi (Goma), #1

Wandugu, jambo kwenu wote. Kwa wageni: MinION ni mashine ndogo ya kusomea DNA, na jenomu ni DNA yote ya virusi. Uzi huu ni wa wanaoshika pipeti na wanaokaa mbele ya kompyuta baada ya hapo. Maswali mengi ya mpox yanayoletwa hapa yana mzizi mmoja. Mtu anafungua faili la herufi za DNA, anakuta sehemu haina kitu, anatangaza kwamba virusi vimepoteza jeni. Mwingine jeni imekatika kweli, yeye anajaza NNNN (alama ya herufi isiyosomwa) na kupita. Nitaeleza kazi tangu kidondani, ila hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Tukubaliane maneno. Pengo ni mahali ambapo sisi hatukusoma. Mkato ni mahali ambapo virusi vyenyewe havina kitu. Ukivichanganya hivi viwili, kazi yote ya wiki imeharibika.

Huku kwetu jambo hili lina historia. Mlipuko ulioonekana Kamituga, teritwari ya Mwenga, kuanzia Septemba 2023, uliwakuta watu wa labo na PCR (majaribio ya kunakili na kutambua DNA) za zamani za kutenganisha klado, yaani matawi makubwa ya virusi. Jaribio la jumla la mpox lilisema ndiyo. Jaribio la klado I likasema hapana, na la klado II nalo hapana. Jenomu ziliposomwa sababu ikaonekana: kipande cha besi (herufi za DNA) kama 1,100 kimekatika, na ndani yake imo jeni OPG032, ambayo wazee wa fani wanaijua kwa jina la D14L. Jaribio la klado I lilikuwa limelenga hapo hapo. Jeni ile hutengeneza protini ya kuzuia komplementi, sehemu mojawapo ya kinga ya mwili. Klado II haina jeni hiyo, ndiyo maana ilichaguliwa kuwa alama ya klado I. Alama ikaondoka, klado ikabaki. Tawi hilo sasa ndilo klado Ib, na mwaka 2024 zikatengenezwa PCR zinazolenga kiungo chenyewe cha mkato, pale pande mbili zilipokutana.

Sasa sampuli. Jenomu ya mpox ni DNA ya nyuzi mbili, karibu besi 197,000, mara kumi ya ile ya Ebola. DNA yake ni ngumu kuliko RNA ya Ebola au ya korona, lakini haivumilii kila kitu. Chukua kwenye kidonda, si kwenye damu. Sugua kwa nguvu msingi wa lengelenge, au chukua kigaga chenyewe. Vidonda viwili, ekuviyo (vijiti vya kusugulia) mbili. Ekuviyo iwe ya nailoni au poliesta. Ya pamba yenye kijiti cha mbao inaweza kuzuia PCR. Kwenye 2–8°C sampuli inakaa siku 7. Ikizidi hapo, ‑20°C au chini zaidi. Kugandisha na kuyeyusha mara tatu nne kunakatakata DNA, na ukitumia amplikoni (vipande vinavyonakiliwa na PCR) ndefu utayaona matokeo yake: amplikoni zinakosekana ovyo ovyo, leo hii, kesho ile.

Kuvunja virusi kufanyike ndani ya kabati la usalama la daraja la II, na bufa (dawa ya maji ya kuvunjia) iachwe muda wote ulioandikwa. Neno moja la usalama ambalo watu hulipuuza: bufa yenye guanidini isikutane na maji ya javeli (dawa ya klorini). Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Takataka za kasha la GeneXpert (mashine ya PCR inayotumia makasha) na za kiti (seti ya dawa) ya kuchuja DNA ziende kwenye ndoo yake peke yake.

Kabla ya yote angalia Ct, yaani mzunguko wa PCR ambapo virusi vinaanza kuonekana: ikiwa ndogo, virusi ni vingi. Kila mizunguko 3.3 ni tofauti ya mara 10 ya virusi, kwa hiyo Ct 18 na Ct 28 zinatofautiana mara 1,000 hivi. Chini ya 25 utafurahi. Kati ya 25 na 30 jenomu itakuwa na mapengo. Ikizidi 31 usimwahidi mtu jenomu nzima, hata mwenye haraka awe nani.

---

KadutuBio (Bukavu), #2

Aksanti sana mkubwa. Nyongeza moja kwa walio na GeneXpert tu huko mashambani. Kasha lake la mpox linatafuta vitu viwili: kundi la ortopoksi (ukoo wa virusi ambamo mpox imo) kwa jumla (ndui haimo), na mpox ya klado II. Kwa hiyo mgonjwa wa klado Ib, na wa Ia (tawi la klado I lisilo na mkato huo) vilevile, hutoka "ortopoksi ndiyo, klado II hapana". Mashine haijakosea hapo. Lakini isisomwe kama "si mpox", wala isisomwe kama "ni Ib". Inayotenganisha Ia na Ib ni PCR ya kiungo cha mkato au jenomu.

Swali langu: skimu (orodha) ipi ya praima, vile vijipande vya DNA vinavyoanzisha nakala? Naona watu wengine bado wanatumia ile ya Yale ya 2022.

---

Labo_Himbi (Goma), #3

Swali zuri, dada. Ile ya Yale ina jozi 163 za praima, amplikoni za karibu besi 2,000, na ilichorwa juu ya klado IIb iliyokuwa inazunguka duniani 2022. Juu ya klado I inafanya kazi, ila praima chache hazikai sawasawa, na kila praima isiyokaa ni pengo. Kwa huku naona ni afadhali skimu ya ARTIC‑INRB, ile ya besi 2,500 (INRB ni taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Kongo), iliyochorwa ikizingatia klado I. Sampuli zilizochakaa au zenye Ct ya juu zinahitaji amplikoni fupi. Kuna ya besi 400. Inaleta praima nyingi mno na kazi zaidi, lakini DNA iliyokatikakatika haiwezi kutoa kipande cha 2,500 hata uisihi.

Praima zinagawanywa vikapu viwili, A na B. Amplikoni ya 1, 3, 5 kikapu A. Ya 2, 4, 6 kikapu B. Sababu: amplikoni jirani zinapishana, na ukiweka jirani pamoja, praima ya kushoto ya moja na ya kulia ya nyingine hutengeneza kijipande kifupi cha mahali zinapopishana. Kifupi hicho hukimbia kuliko virefu na kula dawa yote.

Mzunguko wa PCR kwa enzaimu ya Q5 ya kuanza moto: 98°C sekunde 30, kisha mizunguko 35 ya 98°C sekunde 15 na 65°C dakika 5. Kiasi cha praima fuata karatasi ya skimu yenyewe, msikisie. Kila safari (duru ya kazi) iwe na sampuli tupu mbili: maji yaliyopita kwenye kuchuja DNA, na maji yaliyowekwa kwenye PCR tu. Ya kwanza ikichafuka na ya pili ikawa safi, uchafu uliingia wakati wa kuchuja. Zikichafuka zote mbili, mwaga dawa za PCR na uoshe meza. Chumba cha kabla ya PCR na cha baada ya PCR visishirikiane pipeti, koti, wala kalamu. Amplikoni za jana ndizo adui mkubwa kuliko virusi vya leo, kwa sababu ni mabilioni na zinaelea hewani.

Changanya A na B ujazo sawa, pima kwa Qubit (kipimaji cha DNA ya nyuzi mbili). Kipima mwanga cha kawaida kitahesabu na praima zilizobaki, kitakudanganya.

Maktaba (DNA iliyoandaliwa kusomwa) kwa kiti ya haraka ya barikodi, yaani alama ya DNA inayotambulisha kila sampuli (SQK‑RBK114.24):
– DNA nanogramu 200 ndani ya mikrolita 10, ongeza mikrolita 1.5 ya barikodi ya sampuli hiyo.
– 30°C dakika 2, 80°C dakika 2, kisha barafuni. Ile 80°C inaua enzaimu ya kukata. Mashine ikizima katikati ya hapo, enzaimu inaendelea kukata na barikodi za sampuli zitaungana na DNA ya watu wasiohusika.
– Kusanya zote tyubu moja, ongeza shanga za sumaku ujazo sawa na ulichokusanya. Osha mara mbili kwa ethanoli ya 80% iliyotengenezwa siku hiyo. Acha shanga zikauke nusu dakika. Zikipasuka kama udongo wa kiangazi umechelewa, DNA haitoki yote.
– Toa kwa mikrolita 15. Chukua 11, ongeza 1 ya adapta iliyozimuliwa, ngoja dakika 5.

Flosela (kasha lenye matundu ya kusomea DNA) ya R10.4.1: ikague mara inapofika, iwe na matundu hai yasiyopungua 800. Yakiwa chini ya hapo, andika kwa muuzaji siku hiyo hiyo, usingoje. Inakaa frigo 2–8°C. Isigandishwe kamwe, utando unapasuka na hakuna dawa.

Kupakia: fungua mlango wa kuandaa, vuta nyuma mikrolita 20 mpaka 30 ili hewa itoke kwanza. Sukuma mikrolita 800 ya mchanganyiko wa kuandaa pole pole, ngoja dakika 5, fungua SpotON (tundu la kupakia), sukuma 200 nyingine kupitia mlango ule ule wa kuandaa. Kisha maktaba: bufa 37.5, shanga za maktaba 25.5 (zitikise wakati huo huo, zinatuama upesi), DNA 12. Jumla 75, tone kwa tone kwenye SpotON. Kiputo kimoja cha hewa kikipita juu ya utando kinaua matundu kwa mamia, tena papo hapo.

---

MwanaBirere, #4

Docta, flosela moja inatosha sampuli ngapi? Bei yake inaumiza.

---

Labo_Himbi (Goma), #5

Piga hesabu. Jenomu 197,000 mara kina (idadi ya mara kila besi inavyosomwa) cha 100 ni megabesi 20 kwa sampuli. Sampuli 24 ni megabesi 480. Lakini amplikoni hazilingani, dhaifu inaweza kuwa chini mara 10 ya yenye nguvu, kwa hiyo lenga gigabesi 5. Flosela nzuri inatoa zaidi ya hapo, maana yake unaweza kusimamisha baada ya saa 12 hivi, ukaosha kwa kiti ya kuosha (DNase, enzaimu ya kula DNA, mikrolita 2 ndani ya 398 za bufa yake, saa nzima), ukaipakia tena. Mara ya pili tumia namba nyingine za barikodi. Mabaki ya safari ya kwanza hayaishi kabisa, na ukirudia barikodi 01 kwa mtu mwingine, mabaki yatajiandikisha kwa jina lake.

---

YayaKatuba (Lubumbashi), #6

Nitachukua upande wa kompyuta, mkubwa apumue.

Mashine haitoi herufi, inatoa mkondo wa umeme katika faili za POD5. Dorado ndiyo inayogeuza mkondo kuwa herufi, na ina ngazi tatu: fast, hac, sup. Wakati mashine inasoma tumia fast au hac kulingana na kadi ya michoro mliyo nayo, kisha rudia kwa hac au sup usiku. Msifute POD5 mpaka ripoti imetoka. Modeli mpya zikija unaweza kugeuza upya mkondo ule ule na kupata herufi safi zaidi bila kugusa sampuli.

Kutenganisha barikodi: kwa kiti ya kuunganisha (SQK‑NBD114) dai barikodi ionekane pande zote mbili za kipande. Kiti ya haraka ina barikodi upande mmoja tu, hapo huna hiari hiyo.

Kabla ya chochote, ondoa DNA ya binadamu. Linganisha vipande na jenomu ya mtu kwa minimap2 (programu ya kulinganisha), tupa vinavyokaa. Sampuli ya kidonda imejaa mgonjwa mwenyewe, na faili la mgonjwa haliendi kwenye hazina ya wazi.

Kisha minimap2 juu ya jenomu rejea ya klado I. Mtu akitumia rejea ya klado II kwa sampuli ya Kivu atapata tofauti kwa mamia ambazo hazina habari yoyote mpya.

Halafu kunyoa praima. Hili linarukwa kila mara. Praima ni herufi zetu sisi tulizonunua, si za virusi. Usiponyoa, kila mahali pa praima patafanana na rejea hata kama virusi vimebadilika pale.

Kina chini ya 20 andika N. Na kipimo changu cha sampuli tupu ni hicho hicho: ikiwa maji yamefika kina cha 20 kwenye amplikoni yoyote, amplikoni hiyo haiaminiki kwa sampuli zote za safari ile zenye kina cha kufanana nacho.

Mambo mawili ya mpox yenyewe. La kwanza, ncha. Jenomu ina kipande cha besi kama 6,400 kinachojirudia kichwani na mkiani, kimoja kimepinduliwa. Kipande kilichosomwa humo hakijui ni cha kichwa au cha mkia, minimap2 inakipa alama ya uhakika 0, na mnaochuja kwa alama hiyo mnapata pengo la bandia pande zote mbili. Dawa yake: ficha mkia, soma kichwa, na useme hivyo kwenye ripoti. La pili, herufi zinazojirudia. Jenomu hii ni A na T kwa theluthi mbili, ina mistari mirefu ya TTTTTTTT. Nanopore (teknolojia ya MinION) bado inahesabu vibaya mistari ya namna hiyo, mara 8 mara 9. Ukiona jeni imevunjika kwa sababu ya T moja kuongezeka ndani ya mstari wa T, usiitangaze. Kagua kwa PCR na usomaji wa Sanger (njia ya zamani, kipande kimoja kimoja) kama unaupata.

---

KadutuBio (Bukavu), #7

Aksanti yaya. Turudi kwenye kichwa cha uzi. Nina faili, mahali pa OPG032 pana N tupu. Najuaje ni pengo au ni mkato?

---

Labo_Himbi (Goma), #8

Hapa sasa. Usianze na faili la herufi, maana tayari limekwisha kuamua kwa niaba yako. Fungua BAM (faili la vipande vilivyokaa juu ya rejea) kwenye IGV (programu ya kuvitazama), nenda mahali penyewe.

Angalia mipaka kwanza. Pengo la amplikoni iliyokataa huanza pale amplikoni ya jirani inapoishia na kumalizika pale ya jirani mwingine inapoanza. Chukua faili la nafasi za praima, uliweke kando: mipaka ikilingana na praima, shaka ni yako wewe, si ya virusi. Mkato haujui praima zako. Unaanza popote, na kila kipande kinaanzia herufi ile ile na kurudia herufi ile ile.

Pili, tazama vipande vyenyewe. Penye mkato utaona kipande kimoja kinachokaa kushoto, kinaruka besi 1,100, kinaendelea kulia. IGV inachora mstari mwembamba katikati. Vipande vifupi ambavyo mkono wao mmoja hautoshi kukaa upande wa pili vitaonekana vimenyolewa, na herufi zilizonyolewa ukizisoma utakuta ni za upande wa pili wa mkato. Penye pengo hakuna kinachovuka. Hakuna kabisa.

Kwa sababu hiyo, ukiwa unachunguza mkato, acha kiti ya haraka. Inakata amplikoni katikati ovyo, vipande vinakuwa vifupi. Tumia kiti ya kuunganisha: kipande kimoja ni amplikoni nzima, na urefu wenyewe unazungumza. Amplikoni ya 2,500 inarudi na 1,400.

Tatu, jeli. Endesha amplikoni hiyo peke yake kwenye agarosi ya 1%. Kama mkato umeimeza hata praima moja, hakutatoka kitu, na hapo ukimya hauna maana. Basi chora praima mbili mpya, moja kila upande, besi 300 nje ya mipaka. Virusi vizima vitatoa 1,700, vyenye mkato 600. Weka DNA ya klado Ia kando kama shahidi na maji kama shahidi wa pili. Jeli hii inagharimu kidogo sana ukilinganisha na flosela, nashangaa kwa nini haifanywi kila mara.

Nne, na hii ndiyo inayowaangusha wengi: programu. `samtools depth` (amri ya kuhesabu kina) kwa kawaida haihesabu kipande kinachoruka. Kwa hiyo mahali pa mkato kina kinatoka 0 hata kama vipande 300 vinavuka vizuri, na mtambo wako unaona 0, unaandika N. Mkato umegeuzwa pengo na mashine. Ongeza `-J` ili miruko ihesabiwe. Kisha kwenye faili la mwisho mkato uandikwe kama mkato, herufi hazipo, na N zibaki kwa yale ambayo kweli hatukuyasoma.

Dada, kwa faili lako: usiniletee FASTA (faili la herufi), lete BAM.

---

MwanaBirere, #9

Na je, tukisoma jenomu za mtaa mzima tutajua nani amemwambukiza nani? Watu wa kufuatilia wagonjwa wanauliza hivyo.

---

YayaKatuba (Lubumbashi), #10

Hapana, ndugu yangu, na wasiahidiwe. Mpox ikipita kutoka mtu hadi mtu hukusanya mabadiliko kama 6 kwa mwaka katika jenomu nzima. Hiyo ni moja kila miezi miwili. Kutoka mgonjwa hadi mgonjwa ni wiki mbili hivi, kwa hiyo mnyororo wa watu wanne watano unaweza kuwa na jenomu moja herufi kwa herufi. Jenomu zikifanana, haikatazi kwamba mmoja alimwambukiza mwingine, wala haithibitishi. Zikitofautiana mabadiliko 8, hapo unaweza kusema kwa ujasiri kwamba hawa wawili hawakupeana mwezi huu.

Wanachoweza kupewa ni kitu kingine, na ni kikubwa. Mabadiliko mengi ya mpox ya mtu‑kwa‑mtu yana sura moja: TC inakuwa TT, na kwenye uzi wa pili GA inakuwa AA. Hiyo ni alama ya meno ya APOBEC3, enzaimu za mwili wa binadamu zinazoharibu C za virusi. Virusi vilivyotoka kwa mnyama wa porini juzi havina wingi wa alama hizo. Ukihesabu mabadiliko ya tawi lako na karibu yote ni ya sura hiyo, unajua tawi limekuwa likipita kati ya watu, na idadi yake inakupa makadirio ya muda. Ndivyo klado IIb ilivyoonekana kuwa ilikuwa ndani ya watu tangu angalau 2016, miaka 6 kabla ya dunia kushtuka.

Hesabu hii ifanyeni baada ya kufukuza uchafu. Kina kidogo na praima zisizonyolewa zote zinafuta alama za APOBEC3, na utamwambia daktari wa zoni kwamba ugonjwa umetoka porini kumbe umetoka nyumba ya jirani.

---

KadutuBio (Bukavu), #11

Naunga mkono, na nilinganishe na Ebola kwa sababu watu wa Butembo na Beni wana picha ya ule mlipuko wa 2018–2020 kichwani. Ebola hubadilika upesi kidogo: besi 19,000, ila kama mabadiliko 20 kwa mwaka, moja kila wiki mbili tatu. Pale jenomu zilifuata minyororo kwa ukaribu zaidi. Ndizo zilizoonyesha mgonjwa aliyepona kisha akaugua tena kwa virusi vyake vile vile, na mnyororo wa watu 91 ukaanzia hapo. Na Gine mwaka 2021 virusi vilikuwa na mabadiliko 12 tu tangu mlipuko wa 2014–2016, wakati miaka ile ya kupita kati ya watu ingeleta zaidi ya 100. Vilikuwa vimelala ndani ya mwili wa aliyenusurika. Kwa hiyo hata uchache wa mabadiliko ni habari, kama una hakika kwamba uchache huo si N.

---

MwanaBirere, #12

Nimeelewa. Umeme je? Huku kwetu unakata wakati wowote.

---

Labo_Himbi (Goma), #13

MinION yenyewe inakula umeme mdogo kupitia USB. Mlaji ni kompyuta na kadi yake ya michoro. Onduleri (betri ya akiba) iwekwe kwa kompyuta na kwa mashine ya PCR, watu husahau ya pili. PCR hii inachukua zaidi ya saa tatu. Ikikatika mzunguko wa 20 usiendelee nayo ukitaka kulinganisha kina cha amplikoni, anza upya. Grupu (jenereta) ikiwashwa, ngoja mkondo utulie kabla ya kuunganisha chochote. Msukumo wa kwanza ndio unaounguza.

Kompyuta ikizima katikati ya kusoma, yaliyokwisha kuandikwa diskini yanabaki. Washa, anzisha safari mpya kwa flosela ile ile bila kuitoa, kisha unganisha mafaili baadaye. Kabla ya yote zima usingizi wa kompyuta na masasisho ya kujiendesha, na uache terabaiti 1 tupu. Diski ikijaa usiku, usomaji unasimama kimya.

Baridi ya Goma inatusaidia, flosela inataka kukaa karibu 34°C na mashine inajipasha. Lubumbashi mwezi wa 10 ni shida tofauti: chumba kikiwa moto mashine haiwezi kujipoza, na matundu yanakufa mapema. Yaya atasema.

Frigo na kongelateri: kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya kila moja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na shehena ya flosela ikipita barabarani inaweza kukaa forodhani. Weka kipimajoto ndani ya boksi, na kagua matundu siku ya kupokea ili ujue kama kosa ni la njiani au la kwenu.

---

YayaKatuba (Lubumbashi), #14

Kweli, mkubwa. Huku tunalenga chumba kisizidi 25°C, na mashine isikae juu ya kompyuta wala karibu na tundu lake la hewa moto.

Kwa watakaouliza kuhusu kipindupindu, maana ndicho kinachotusumbua zaidi upande huu: hakuna amplikoni. Otesha koloni moja, chuja DNA, nanogramu 200 moja kwa moja kwenye kiti ya haraka. Jenomu ni besi milioni 4 hivi katika kromosomu mbili, ya milioni 3 na ya milioni 1. Kina cha 50 ni megabesi 200 kwa sampuli, kwa hiyo 24 zinaingia flosela moja yenye afya. Ukisoma kinyesi moja kwa moja bila kuotesha, utasoma utumbo wa mgonjwa.

---

KadutuBio (Bukavu), #15

Nimefungua BAM. Mipaka haiangukii kwenye praima. Vipande 212 vinavuka, vyote vinaruka kutoka herufi ile ile. Nilitumia `samtools depth` bila `-J`.

---

Labo_Himbi (Goma), #16

Basi ni mkato, dada, na ni klado Ib. Fanya jeli ya praima za nje hata hivyo, kisha rudia konsensusi (faili la mwisho la herufi) kwa `-J`. Ukipeleka kwenye hazina, tarehe ya kuchukua sampuli na zoni ya afya viandikwe, jina na umri kamili wa mgonjwa visiandikwe. Na kwenye ripoti weka mstari mmoja wa asilimia ya jenomu iliyobaki N, pamoja na orodha ya amplikoni zilizokataa. Atakayesoma baada yetu asilazimike kukisia.

---

KadutuBio (Bukavu), #17

Sawa. Amplikoni 4 zimekataa, zote zipo kwenye sampuli ya Ct 29. Naziandika.